Njaa Ilikuwa Silaha

Kama nyumbani kwako kuna kijana wa sekondari, uwe Masasi mjini, Chiungutwa, Kitangari au Mkunya, mwombe daftari lake la historia ufungue ukurasa wa Vita vya Maji Maji. Utakuta sababu za vita: kodi, pamba ya kulazimishwa, ukatili wa maakida. Utamkuta Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake. Utakuta lile swali linalopendwa na watunga mitihani, kwa nini Waafrika walishindwa, na majibu yamepangwa kwa namba ili yakaririke. Halafu, chini kabisa, kwenye matokeo ya vita, utakuta mstari mmoja unaosema kulitokea njaa.

Jioni hii nataka tuuzungumzie mstari huo, kwa sababu njaa ile haikutokea kama inavyotokea mvua ikikosekana. Iliamriwa. Kulikuwa na mtu aliyetoa amri, kulikuwa na maofisa walioitekeleza, kulikuwa na askari walioshika kiberiti. Na waliokufa kwa njaa hiyo ni wengi kupita waliokufa kwa risasi. Tunawafundisha watoto wetu vita, tunawaficha mauaji.

Nianze na yaliyotupata sisi wa huku. Vita vilianza Julai 1905 kule Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, na ndani ya wiki chache vilikuwa vimeshafika kwetu. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini upande wa Liwale. Mwezi ule haujaisha, misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ilichomwa, Lukuledi ikachomwa, na Masasi nayo, misheni ya Kianglikana aliyoianzisha Askofu Edward Steere mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ikateketezwa na wamisionari wake wakakimbilia pwani. Si kila mtu wa kusini aliingia vitani. Wamwera wengi waliingia. Uwanda wa Makonde kwa sehemu kubwa ulikaa pembeni, na wapo wakubwa wa huku walioona heri kusimama na Wajerumani. Haya nayo tuyaseme bila kuona haya, maana mtoto akiambiwa kusini nzima ilisimama kama mtu mmoja, siku akisikia habari nyingine kwa babu yake atadhani mmoja kati yenu ni mwongo.

Sasa wewe mkulima, zitazame hizo tarehe kwa jicho la mkulima. Julai na Agosti ni wakati gani huku? Mavuno yameshaingia. Mtama uko ghalani, mbegu imetengwa, na watu wanangoja mvua za Novemba na Desemba ili wapande. Gavana wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, na maofisa wake waliliona hilo vizuri. Waliona pia kwamba watu waliotawanyika maporini hawamalizwi kwa bunduki. Ofisa anafika kijijini anakuta majivu ya moto na mbwa, wenyewe wameingia msituni. Ndipo vita vikahamishiwa kwenye chakula. Vikosi vilipita kijiji baada ya kijiji, vikachoma nyumba, vikachukua nafaka iliyobebeka na kuitia moto iliyobaki, vikaharibu mashamba, na mbegu nazo hazikusazwa. Mvua za mwisho wa mwaka zilipofika, mwenye nguvu ya kushika jembe hakuwa na cha kupanda, na aliyekuwa nacho aliogopa kwenda shambani asije akaonekana. Maofisa waliandika wazi kwa wakubwa wao kwamba silaha peke yake haitoshi na kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza hawa watu. Waliandika wakitumaini wataeleweka, na walieleweka.

Mama zangu wa Newala na Masasi mnaijua ming'oko. Leo tunaila kwa raha. Inachemshwa, inatiwa chumvi na pilipili, watoto wanainunua njiani wakitoka shule. Lakini aliyewahi kuichimba anajua kazi yake. Unautafuta mmea wake vichakani, unaufuata chini polepole, unachimba mpaka kiwiko kinazama, na unachopata ni mizizi myembamba inayokatika ukiivuta kwa pupa. Asubuhi nzima inakupa kikapu ambacho familia ya watu saba inakimaliza kwa mlo mmoja na bado haijashiba. Kuna na vile viazi vichungu vya porini, vyenye sumu, vinavyotaka kumenywa, kukatwa vipande vyembamba na kulowekwa kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa, ndipo viliwe. Sasa fikiria mama wa mwaka 1906, amejificha na watoto wanne, mmoja yuko mgongoni. Kuloweka kunataka akae mahali pamoja penye maji siku tatu au nne. Mtu anayekimbia hana siku hizo. Basi atakula kabla sumu haijatoka, au atamtazama mtoto akilia mpaka anyamaze. Hivyo ndivyo njaa inavyoua: inaanza na wadogo na wazee, na haiachi tundu la risasi ambalo mtu atakuja kulionyesha.

Hali hiyo iliendelea 1906, ikaendelea 1907, na kwingine ikavuka hapo. Sehemu za Ungindo na Liwale zilibaki bila watu, msitu ukarudi, wanyama wakaingia mashambani. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ndiyo baadaye ikawa Pori la Akiba la Selous, na katika miaka ya 1940 Waingereza wakawahamisha hata Wangindo waliokuwa wamebaki humo. Anayekwenda leo kutazama tembo anaonyeshwa nyika isiyokaliwa na mtu, na ni vigumu kwake kujua kwamba hapo palikuwa na mashamba ya mtama.

Kuhusu hesabu, naomba unisikilize kwa makini. Upande wa Wajerumani tunaambiwa walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Hesabu inafika hadi mtu mmoja mmoja. Upande wetu takwimu za Wajerumani wenyewe zilisema 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyefanya utafiti wa miaka mingi juu ya vita hivi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kati ya makadirio hayo mawili pana tofauti ya watu zaidi ya laki moja na nusu, na hakuna anayeweza kuwataja kwa majina. Askofu Spiss na wenzake tunawajua wote, na ni haki wajulikane. Waliokufa kwa njaa hawakuwa na wa kuwaandika.

Von Götzen huyu ana historia ndefu kuliko Maji Maji. Mwaka 1894, kabla hajawa gavana, aliongoza msafara uliovuka maporomoko ya Rusumo ukaingia Rwanda, akakutana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuiona nchi ile kwa ndani, na waliomfuata wakaja na nadharia zao kwamba Watutsi ni jamii nyingine iliyotoka mbali, iliyoumbwa kutawala. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yanaendelea Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja Ngara, wengi wao ndani ya siku moja, huku maiti zikielea kwenye Mto Kagera chini yao. Meli ya Liemba mnaisikia? Ile ya Ziwa Tanganyika, iliyobeba watu Kigoma kwa vizazi. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Tumeipanda meli iliyobatizwa kwa mtu huyo, na watoto wetu hawajui alifanya nini Liwale, Songea na huku kwetu.

Rwanda yenyewe inakumbuka vipi? Kila 7 Aprili wanaanza maombolezo yanayokwenda siku 100, kama mauaji yenyewe yalivyokwenda. Gisozi, Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kanisa la Nyamata limeachwa na nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi, na aliyeingia humo hahitaji hotuba. Lakini darasani mambo yalikuwa magumu. Baada ya 1994 somo la historia lilisimamishwa shuleni kwa miaka, kwa sababu historia iliyokuwa inafundishwa ndiyo iliyopanda mbegu ya chuki, na mpya ilikuwa haijakubaliwa. Mtaala wa 2015 ndio ulioyaingiza mauaji yale kwa mpango katika masomo. Wapo wanaolalamika kwamba kumbukumbu ya serikali ina mlango mmoja tu, na kwamba waliopoteza ndugu kwa njia nyingine katika miaka ile hawana mahali pa kulia hadharani. Ni lalamiko zito. Hata hivyo, mtoto wa Rwanda anajua kwamba waliuawa watu, anajua nani aliua, na anajua kwamba yalipangwa.

Na kesi zenyewe zilisikilizwa hapa nyumbani. Tarehe 2 Septemba 1998, pale Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mwalimu kisha akawa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari. Mahakama hiyo hiyo ikasema kubakwa kwa wanawake kulikuwa sehemu ya mauaji hayo. Rais wa nchi hii siku hiyo alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi, Benjamin Mkapa. Jambo hilo lilipaswa kuwa somo la kwanza la sheria na utu kwa kila kijana wa mkoa huu.

Tusiende mbali. Simama Newala, Shimo la Mungu, siku hakuna ukungu. Unaona ardhi inashuka ghafla mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo, Msumbiji. Kule mbele kuna uwanda mwingine wa Wamakonde, na mji wa Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno kudai haki zao. Waliokwenda kuwasemea, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walikuwa na mizizi yao huku kwetu, miongoni mwa Wamakonde waliovuka kuja kufanya kazi Tanganyika. Walikamatwa, watu wakapiga kelele wasichukuliwe, askari wakafyatua risasi. Frelimo inasema walikufa kama 600. Wapo wanahistoria wanaotaja idadi ndogo zaidi kwa mbali. Ubishi huo haujaisha.

Kinachonigusa ni walivyoamua kukumbuka. Baada ya uhuru wa 1975 watu wa Mueda walikuwa wakiigiza siku ile kila mwaka, mbele ya jengo lile lile. Wenyeji waliigiza pande zote mbili: huyu mtawala, huyu mkalimani, yule askari, yule aliyeanguka. Waliokuwepo mwaka 1960 walisimama pembeni wakitazama, na wengine waliingia kuigiza. Mwaka 1979 Ruy Guerra akalitengenezea filamu igizo hilo. Sisi tulio watu wa ngoma, wa mapiko na jando, tunaelewa mara moja kwa nini walichagua njia hiyo. Mtoto aliyeambiwa asimame mahali alipoanguka babu yake na kuanguka hapo, mbele ya mji mzima, hatahitaji kukariri.

Wajerumani nao wana njia yao, na hapa nina habari ya mtu wetu. Huko kwao, mbele ya nyumba walikotolewa watu waliouawa na Wanazi, msanii Gunter Demnig alianzisha utaratibu wa kuweka jiwe dogo la shaba njiani, na juu yake jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali alipofia. Mwaka 2007 liliwekwa moja mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, kwa ajili ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kule kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904. Bado mtoto, aliingizwa jeshini na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa. Naam, Mahiwa hii ya karibu na Nyangao, ambayo gari la Masasi kwenda Lindi linaipita. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake, akanyimwa. Akabaki, akawa mhudumu hotelini, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Mwaka 1941 walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, wakamtupa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo 24 Novemba 1944. Watoto wa shule wa Berlin wanaweza kupita hapo wakasoma jina lake. Wa Nyangao hawajasikia kwamba damu yake ilimwagika kwanza huku.

Utaniuliza: je, Maji Maji ni mauaji ya kimbari? Swali la haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 9 Desemba 1948 unataja, pamoja na kuua, kuliweka kundi la watu kwa makusudi katika hali ya maisha itakayoliangamiza. Kule Namibia, jenerali wa Kijerumani Lothar von Trotha alitoa amri 2 Oktoba 1904 kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka apigwe risasi. Nia iko kwenye karatasi. Mwaka 2021 Ujerumani ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ingawa wazao wengi wa Waherero na Wanama walikataa kwa kuwa hawakukaa mezani. Mwaka 2025 Namibia ikaanza kuadhimisha siku ya taifa ya kumbukumbu, 28 Mei. Huku kwetu von Götzen alitaka watu wasalimu amri ili walipe kodi na kulima pamba. Mwanasheria ataona tofauti hapo, na ni kazi yake kuiona. Mimi nasema tusisubiri wanasheria wamalize ndipo tuanze kufundisha. Kwamba njaa ilitumika kama silaha dhidi ya watoto, hilo halina ubishi.

Na tukiwafundisha, tuwafundishe pia kwamba askari walioshika kiberiti wengi wao walikuwa Waafrika, wengine wamezaliwa nchi hii hii. Tukiruka hapo, tutakuwa tumewapa watoto hadithi ya Mzungu mbaya na Mwafrika mwema, na hadithi hiyo haiwasaidii siku wao wenyewe watakapoambiwa wamchukie jirani. Tusikwepe hata la Zanzibar. Kila 12 Januari tunasherehekea Mapinduzi ya 1964, na dhuluma iliyoyaleta ilikuwa ya kweli. Lakini kuna familia, zilizobaki Unguja na zilizokwenda Muscat na kwingine, ambazo mwezi huo zinakumbuka ndugu zao waliouawa, wengi raia wasio na silaha. Watoto wa pande hizo mbili wanakua na historia mbili ambazo hazijawahi kukaa darasa moja. Najua ni jambo linalochoma. Ndiyo maana nalisema kwenye redio na silisemi pembeni.

Songea wamefanya kazi yao. Kila 27 Februari wanawakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa siku hiyo mwaka 1906, na pana makumbusho na kaburi lao la pamoja. Ni pale Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake, mbele ya wazao wa Nduna Songea Mbano, ambao bado wanakitafuta kichwa cha babu yao kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Lakini Songea inawakumbuka walionyongwa. Walionyongwa wana majina na kaburi. Februari kwetu huku ni mwezi wa upungufu, ghala limekwisha na mahindi hayajakomaa, na kila mzazi anajua maana ya kuhesabu wiki mpaka Mei. Hakuna mwezi unaofaa zaidi kwa shule za Masasi na Newala kuwakumbuka waliokufa kwa njaa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwenu walimu wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya Maji Maji, na bila wao tungebaki kwa sehemu kubwa na maelezo ya Wajerumani. Wale wazee hawapo tena. Wapo wajukuu wao, nao wanajua ukoo ulikatika wapi, nani alihama kutoka wapi na kwa nini, na walikula nini porini. Watumeni wanafunzi wawaulize bibi zao, kwa Kimakonde, kwa Kiyao, kwa Kimakua, kwa Kimwera, waandike, na alama zitolewe kwa kazi hiyo kama zinavyotolewa kwa kukariri sababu za kushindwa.

La pili ni kwa wizara na kwa Wajerumani wenyewe. Ripoti za maofisa wa 1905 hadi 1907 zipo, nyingine Berlin, nyingine kwenye Nyaraka za Taifa hapo Dar es Salaam, kwa Kijerumani ambacho mwalimu wa Kitangari hawezi kukisoma. Msamaha umeshaombwa. Sasa ripoti hizo zitafsiriwe kwa Kiswahili, zichapwe kwa bei ndogo, zifike kwenye maktaba za sekondari zetu, ili kijana wa kidato cha pili afungue ukurasa na kusoma ofisa gani aliamuru, tarehe gani, kijiji gani kilichomwa, na maghala mangapi.